Udongo wa Nyatike Tangu Siku za Macalder

Takawiri haina mgodi. Ni kisiwa kidogo cha mchanga mweupe na minazi katika kaunti ya Homa Bay, jirani ya Mfangano, na riziki ya watu wake iko majini. Omena huanikwa juani ufuoni, mbuta na ngege husafirishwa kwa mashua hadi Mbita. Mashua zinaporudi hubeba unga, mihogo, nyanya na sukuma wiki, maana ardhi ya kisiwa ni finyu na haiwezi kuwalisha wote. Mtoto wa Takawiri analelewa na udongo wa bara, hata kama hajawahi kuutia jembe. Analelewa pia na ziwa, na ziwa hupokea kila kinachoteremshwa na mito.

Mmoja wa mito hiyo ni Kuja, ambao kule juu Kisii huitwa Gucha. Huteremka kutoka nyanda za juu, ukaungana na Mto Migori, ukapita katika tambarare za Nyatike, kaunti ya Migori, na kuingia Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, upande wa kusini mwa visiwa. Katika bonde hilo ndiko ulikokuwa mgodi wa Macalder, na ndiko wanakochimba dhahabu hadi leo maelfu ya watu wasioajiriwa na kampuni yoyote. Mpaka unaotenganisha Homa Bay na Migori ni wa juzi tu. Wazee wengi walizaliwa kote huko kukiitwa wilaya ya South Nyanza, na kabla ya hapo Kavirondo Kusini. Samaki na nafaka zilivuka bila kuuliza mpaka, na bado zinavuka. Kwa hiyo habari ya udongo wa Nyatike ninaianzia kisiwani: sumu ikishaingia shambani haimhusu mwenye shamba peke yake.

Miamba ya Migori ni mikongwe mno. Umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Dhahabu iliyomo haikukaa peke yake. Imeshikana na salfa pamoja na chuma, shaba, zinki, risasi, na mahali pengine aseniki. Maadamu miamba hiyo imelala chini, mbali na hewa, haimdhuru mtu. Balaa huanza inapochimbwa, ikasagwa ikawa unga, na unga huo ukaachwa mvuani. Hewa na maji huigeuza salfa kuwa tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe. Kazi hiyo haingoji mtu wala mashine. Huendelea usiku na mchana, miongo kwa miongo, hata baada ya wenye mgodi kufunga ofisi na kwenda zao.

Homa ya dhahabu katika Nyanza ya wakati ule ilianzia kaskazini. Mwaka 1931 Mmarekani aitwaye L. A. Johnson alipata dhahabu karibu na Kakamega. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeporomoka duniani, walowezi wengi walikuwa na madeni, na Septemba ya mwaka huohuo Uingereza iliacha kuifungamanisha pauni yake na dhahabu, hivyo thamani ya dhahabu ikapanda. Wazungu wakaacha mashamba yao, wakabeba masepeto na karai, wakaenda kuchekecha mchanga wa mito ya watu.

Kilichofuata kinafaa kukumbukwa, kwa kuwa ndicho kilichoweka kawaida iliyoendelea hadi leo. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Iliahidi kwamba kipande chochote kikitwaliwa kutoka hifadhi ya wenyeji, watapewa kipande kingine badala yake, na baraza lao litaulizwa kwanza. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imekwisha kuonekana, sheria hiyo ilirekebishwa haraka. Fidia ya fedha ikawa inatosha, na baraza halikuhitaji tena kuulizwa. Hata Uingereza kwenyewe wabunge walilalamika kwamba ahadi imevunjwa kabla wino haujakauka. Tangu siku ile, katika ukanda wote wa dhahabu wa Nyanza, thamani ya ardhi mbele ya serikali ilipimwa kwa kilichomo chini yake. Kile ambacho ardhi ingeweza kuwalisha watu, na hali itakayobaki nayo baada ya kuchimbwa, havikuwamo katika hesabu.

Wapekuzi hawakuishia Kakamega. Walishuka hadi Kavirondo Kusini, na katika miaka ya 1930 migodi ya dhahabu ikafunguliwa katika ukanda wa Migori. Mgodi uliopata jina kubwa kuliko yote ni Macalder. Chini ya dhahabu yake palikuwa na tabaka nene la madini ya salfa yenye shaba na zinki, na shaba ndiyo iliyoupa maisha ya pili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mgodi uliingia mikononi mwa Colonial Development Corporation, shirika la serikali ya Uingereza lililoanzishwa mwaka 1948 ili kukuza uzalishaji wa mali katika makoloni wakati Uingereza yenyewe ilikuwa taabani kwa madeni ya vita. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 shaba ya Macalder ilichimbwa na kuuzwa nje. Mwaka 1966, miaka mitatu hivi baada ya uhuru, mgodi ukafungwa.

Kilichobaki ni jina la mji na marundo ya mchanga uliosagwa. Wakati ule Kenya haikuwa na sheria iliyomlazimu mwenye mgodi kuyafunika marundo yale, kuyazungushia ukuta au kuweka akiba ya fedha za kuyasafisha. Sheria ya mazingira iliyounda NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitungwa mwaka 1999, miaka 33 baada ya Macalder kufungwa. Kwa miaka hiyo yote mvua ilinyesha juu ya mabaki, na kila msimu ilishusha kidogo kwenye vijito.

Ng'ambo ya ziwa, huko Uganda, kuna mgodi ulioishi maisha ya namna hiyo. Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulitoa shaba kuanzia mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao uliacha mabaki yake kandokando ya Mto Nyamwamba. Mei 2013 mto huo ulifurika, ukabomoa nyumba na kuzoa sehemu ya mabaki hayo hadi bondeni. Watafiti waliopima udongo na mboga za bustani za huko wamekuta shaba, kobalti, zinki na risasi kwa viwango vinavyozidi vinavyokubalika. Macalder ni mdogo kuliko Kilembe, lakini umekaa kwa namna ileile: salfa iliyosagwa, mto wenye tabia ya kufurika, na watu wanaolima chini yake.

Baada ya kampuni kuondoka, watu walirudi kwenye mashimo. Mwaka 1971 Marekani iliacha kuuza dhahabu kwa bei maalumu ya dola 35 kwa aunsi, na kufikia Januari 1980 bei ilikuwa imegusa dola 850. Katika wilaya ambayo pamba na samaki havikumpa kila mtu ada ya shule, kijana mwenye nyundo na tochi hakuhitaji kushawishiwa. Macalder, Masara, Osiri, Mikei na vijiji vingine vikajaa mashimo. Wanaume hushuka chini kwa kamba. Wanawake, na mara nyingi watoto wao, huponda mawe, hubeba maji na kuchekecha. Baadaye zikaja mashine za kusagia zinazounguruma mchana kutwa, na vumbi jeupe likatua juu ya mapaa, nguo zilizoanikwa na mboga za nyuma ya nyumba.

Zebaki ndiyo iliyofanya kazi hii iwezekane kwa maskini. Mchekechaji humimina kidogo ndani ya karai lenye mchanga mzito, akaikoroga kwa mikono mitupu mpaka ishike chembe zote za dhahabu na kuwa donge laini la rangi ya fedha. Donge hukamuliwa katika kitambaa, kisha huwekwa juu ya kijiko au kipande cha bati na kuchomwa kwenye jiko la makaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke ule hauna harufu ya kumtahadharisha mtu. Anayeuvuta kwa miaka huanza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kusahau, kukasirika bila sababu, na figo zake huharibika. Kiasi kingine cha zebaki hubaki kwenye matope ya karai, na matope humwagwa hapohapo. Umoja wa Mataifa ulikadiria katika tathmini yake ya mwaka 2018 kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ndio unaotoa takriban asilimia 38 ya zebaki yote inayopelekwa hewani na shughuli za binadamu, kuliko viwanda vinavyochoma makaa ya mawe.

Mwaka 2002 watafiti watatu, Ogola, Mitullah na Omulo, walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya katika ukanda wa Migori. Nayaandika hapa bila kuyapunguza. Katika mabaki ya uchenjuaji walikuta zebaki kuanzia miligramu 0.46 hadi 1,920 kwa kilo ya mchanga, na kiwango cha juu kilikuwa Mikei. Aseniki ilifika 76 katika mabaki ya mahali paitwapo Nairobi Mine. Risasi kwenye mabaki ilifika 510. Lakini idadi iliyonishtua kuliko zote haikutoka kwenye karai la mchimbaji. Ilitoka kwenye matope ya kijito cha Macalder: miligramu 11,075 za risasi kwa kilo moja.

Ili msomaji aone uzito wake, udongo wa kawaida usioguswa huwa na miligramu kati ya 10 na 50 za risasi kwa kilo. Marekani kwa miaka mingi ilitumia 400 kama kizingiti cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi ya watu, na Januari 2024 ikakishusha hadi 200. Matope ya kijito si shamba, na ni kosa kudai kwamba kila shamba la Nyatike liko hivyo. Hata hivyo kijito hakikai mahali pake. Kuja na vijito vyake hufurika, na katika tambarare za Nyatike mafuriko ni habari ya karibu kila mwaka wa mvua kubwa. Maji yakipungua huacha tope jipya juu ya shamba. Wakulima wa mabondeni tangu zamani wameliita tope hilo baraka, kwa kuwa mahindi hustawi juu yake. Mahindi yatastawi hata kama tope lina risasi, mmea haulalamiki.

Na risasi hii haikuletwa na mama mwenye karai. Zebaki hununuliwa dukani na kuletwa kijijini, lakini risasi na aseniki zimetoka ndani ya jiwe, na sehemu kubwa ya jiwe lililosagwa katika eneo la Macalder ilisagwa na mashine za kampuni, kwa faida iliyokwenda mbali. Nasema hivi kwa sababu kila zinapozungumzwa habari za sumu ya Migori, lawama zote humshukia mchimbaji mdogo. Ana sehemu yake, lakini alikuta deni lililokwisha kuandikwa.

Sasa tuufuate udongo hadi mdomoni. Mimea haifanani. Risasi hung'ang'ania udongo wa juu na ni kidogo tu inayopanda hadi kwenye punje ya mahindi au tunda la nyanya. Hatari yake kubwa ni vumbi linaloganda juu ya majani ya sukuma wiki na udongo unaoshika ngozi ya kiazi na muhogo. Kadimi ni kinyume chake. Huyeyuka kwa urahisi, hupanda na maji ya mmea na kujikusanya kwenye majani. Hupanda zaidi katika udongo wenye tindikali, na udongo wa nyanda nyingi za magharibi mwa Kenya una tindikali. Tumbaku, ambayo imelimwa Migori na Kuria tangu miaka ya 1970, ni hodari mno wa kuivuta kadimi, ndiyo maana wavutaji sigara huwa nayo nyingi mwilini. Mbolea za fosfeti nazo hubeba kadimi kidogo kutoka kwenye mwamba zilikotoka, na shamba linalotiwa mbolea hiyo kila mwaka huikusanya polepole. Aseniki hupenda mpunga: shamba likifunikwa maji, hewa hutoweka kwenye udongo, aseniki hulegea na mzizi wa mpunga huinyonya. Jambo hili linafaa kuangaliwa na kila anayehusika na umwagiliaji wa Kuja Chini, ambako maji ya mto huohuo yanatumika kulima mpunga.

Kuna njia moja fupi kuliko zote, na ni ya kwetu hasa. Katika nchi ya Wajaluo, kama ilivyo kwingine Afrika Mashariki, wajawazito wengi hula odowa, ule udongo laini unaouzwa sokoni kwa vipande. Watoto nao hula udongo wa kichuguu na wa ukutani. Utafiti uliofanywa na Wenzel Geissler na wenzake na kuchapishwa mwaka 1997 ulikuta kwamba karibu watoto 3 kati ya 4 wa shule waliohojiwa magharibi mwa Kenya walikuwa wakila udongo. Sina nia ya kuwakejeli. Hamu hiyo mara nyingi huja na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Lakini mwili uliopungukiwa chuma na chokaa hunyonya risasi kwa pupa, kwa kuwa hauwezi kuitofautisha vyema na kile unachokihitaji. Risasi hukaa kwenye mifupa kwa miongo. Mama anapobeba mimba na mifupa yake kuanza kutoa chokaa kwa ajili ya mtoto, risasi aliyoila akiwa msichana hutoka nayo na kuvuka hadi tumboni. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kinachoharibika kwanza kwa mtoto ni ubongo: kuchelewa kusema, kutotulia, kushindwa kusoma.

Mama akimpeleka mtoto kliniki na maumivu ya tumbo, damu pungufu na degedege, mhudumu wa Nyatike ana mambo mengi ya kufikiria kwanza, na yote ni ya kweli: malaria, minyoo, utapiamlo, selimundu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Wazazi walidhani ni malaria. Machi 2010 Madaktari Wasio na Mipaka walipotuma damu ya watoto maabara, ilijulikana kuwa ni risasi. Wanakijiji walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi ndani ya nyua zao, wengine kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Matibabu peke yake hayakufaa kitu, kwa sababu mtoto aliyetibiwa alirudi kwenye ua uleule. Ilibidi udongo wa juu wa vijiji ukwanguliwe na kuzikwa, kijiji kwa kijiji, na Bagega, kilichokuwa kikubwa, kikasafishwa mwaka 2013. Mawe ya Migori si ya Zamfara, na vifo vya namna ile havijaripotiwa kwetu. Lakini mtindo wa kusaga mawe karibu na jiko ni mmoja.

Kwa habari ya shamba, hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi na Nyatike uko Japani, kwenye bonde la Mto Jinzu katika mkoa wa Toyama. Mgodi wa Kamioka huko juu ulimwaga mabaki yenye kadimi mtoni, na wakulima wakaelekeza maji ya mto kwenye mpunga wao kama walivyofanya mababu. Miaka ikapita. Wanawake wenye umri mkubwa, waliozaa watoto kadhaa, wakaanza kuumwa mifupa hadi kuvunjika mbavu kwa kukohoa tu. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, kilio cha mtu anayesema anaumia. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri rasmi kwamba kadimi ya mgodi ndiyo chanzo. Wakulima walishinda mahakamani, na kisha ikaanza kazi ya kubadilisha udongo wa mashamba, zaidi ya hekta 800, iliyokamilika mwaka 2012. Kazi hiyo ilikula zaidi ya miaka 30 katika nchi tajiri, huku kampuni yenye kosa ikijulikana na ikiwa bado hai ya kushtakiwa. Nani ataitwa mahakamani kwa ajili ya kijito cha Macalder?

Wajapani wenyewe walifika hapa kwetu. Daktari Masazumi Harada wa Kumamoto, aliyetumia maisha yake kuwahudumia wagonjwa wa zebaki wa Minamata, alikuja na wenzake Ziwa Victoria, Tanzania na Kenya, wakapima zebaki kwenye nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi. Walichokichapisha mwaka 2001 kuhusu upande wa Kenya kilikuwa cha ajabu: baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi hawakuipata mgodini wala kwa samaki. Walikuwa wakioga sabuni ya kung'arisha ngozi iliyotiwa zebaki. Kuhusu samaki, vipimo vingi vya Ziwa Victoria vimeonyesha zebaki iliyo chini ya mipaka ya kimataifa, ingawa huongezeka kwa mbuta wakubwa wanaokula samaki wengine. Hilo ni la kuwafariji watu wa Takawiri. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Elijah Oyoo-Okoth walikwenda hatua zaidi: walipima metali katika maji, matope na omena wa upande wa Kenya, na pia katika nywele na kucha za watoto wanaoishi kando ya ziwa. Njia ya kupima mwili wa mtoto pamoja na mahali anapoishi ndiyo ninayoitamani kwa mashamba ya Nyatike.

Serikali haijakaa kimya kabisa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ilimtambua mchimbaji mdogo na kumfungulia mlango wa kibali, baada ya miongo ya kumfukuza kama mwizi. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2023. Mradi wa planetGOLD umefanya kazi na wachimbaji wa Migori, miongoni mwa kaunti nyingine, kuwafundisha kupata dhahabu bila zebaki. Haya ni mema na ninayaunga mkono. Ila yote yanaitazama zebaki, kwa kuwa zebaki ina mkataba wa dunia na wafadhili. Risasi na aseniki ya rundo kuukuu haina mkataba wala mfadhili. Tena sasa marundo hayo yanachimbuliwa upya ili kupata dhahabu iliyosalia kwa kutumia sayanaidi, na sayanaidi ikikutana na zebaki huiyeyusha na kuirahisishia safari ya kwenda mtoni.

Hata upimaji wa udongo tunaouhimiza siku hizi kwa wakulima hautasaidia, kwa maana vipimo vya kawaida huuliza tindikali, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Vinaeleza kama mahindi yatakua. Kama mlaji atakuwa salama, havisemi.

Kwamba haki inawezekana, tumeliona Mombasa. Wakazi wa Owino Uhuru, waliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walikwenda mahakamani wakiongozwa na Phyllis Omido, wakitegemea kifungu cha 42 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukapinduliwa katika rufaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Lakini walishinda kwa sababu walikuwa na vipimo vya damu na vya udongo mkononi. Bila karatasi ya maabara, mlalamikaji ni mtu mwenye hasira tu.

Wakati tukingoja, mkulima anaweza kujilinda kiasi. Karibu na marundo na mashine za kusagia, asipande mboga za majani wala viazi. Apande mahindi au miti. Samadi nyingi na chokaa hupunguza tindikali na kuzishikilia metali zisipande mmea. Mboga zioshwe kwa maji zaidi ya mara moja, mihogo imenywe mbali na vumbi. Mashine za kusagia mawe zisisage nafaka kamwe, na nguo za shimoni zisifuliwe pamoja na za mtoto. Odowa inayotoka eneo la migodi isiuzwe. Na hapa Takawiri ina zawadi kwa Nyatike: omena, anayeliwa mzima na mifupa yake, ana chokaa na chuma, ambavyo ndivyo hupunguza risasi inayonyonywa tumboni. Muhimu aanikwe juu ya nyavu au vichanja, asiguse ardhi.

Yanayobaki si ya mkulima. Kifaa cha mkononi cha miale ya eksirei husoma risasi na aseniki ya udongo kwa dakika chache, palepale shambani, na tone la damu kutoka kidole cha mtoto latosha kuanza uchunguzi. Kaunti ya Migori ina idara ya afya na ya kilimo, Homa Bay ina zake, NEMA ina mamlaka, KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, ina wataalamu wa udongo. Nawaomba waende pamoja katika mashamba yaliyo chini ya rundo la Macalder na kando ya Kuja hadi ziwani, wapime udongo, mboga na damu ya watoto walio chini ya miaka 5, kisha wabandike matokeo kwenye ofisi za machifu na zahanati, kwa Kidholuo na Kiswahili, shamba kwa shamba, kabla masika yajayo hayajamwaga tope jingine.